Mchanga ndani ya rangi: kisa cha bahari ya Van Gogh, Juni 1888

Katika Makumbusho ya Van Gogh jijini Amsterdam kuna picha ya bahari isiyo kubwa hata kidogo: sentimita 64 na ushei kwa upana, 50 na nusu kwa kwenda juu. Ukisimama mbali nayo unaona mawimbi, mbingu ya mawingu, na mashua kadhaa zimetweka matanga. Mafundi wa makumbusho walipoisogelea kwa hadubini waliona kitu kingine. Ndani ya rangi ya mafuta mlikuwa na chembe za mchanga. Zilinata rangi ikiwa mbichi, zikakaukia humo, na zimo mpaka leo.

Kwa ajili ya mchanga huo nimeamua kuichambua picha hii peke yake. Kila mara tunasomewa kwamba mchoraji fulani alisafiri, safari ikamgusa, akachora. Maneno hayo hayatuambii lolote. Safari iligusa nini, jicho au mkono? Alichora palepale au alirudi nyumbani akakumbuka? Katika kisa hiki maswali hayo yanajibika, kwa sababu zimebaki barua, zimebaki michoro, na umebaki mchanga.

Vincent van Gogh, Mholanzi, alihamia Arles kusini mwa Ufaransa mwezi Februari 1888. Alikuwa ametoka Paris, alikokaa miaka miwili na mdogo wake Theo, mfanyabiashara wa picha, ambaye ndiye aliyekuwa akimtumia fedha za kula na za rangi. Miezi mitatu na zaidi alikaa Arles bila kuiona Mediterania, ingawa haikuwa mbali. Mwisho wa Mei akapanda gari la farasi, akavuka nyika tambarare ya Camargue, nchi ya mabwawa, mafahali na farasi wadogo weupe walioachwa nusu porini, mwendo wa kama kilomita 40, mpaka kijiji cha wavuvi cha Les Saintes-Maries-de-la-Mer.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo. Alimwandikia Theo kwamba nyumba hazifiki mia. Juu yake limesimama kanisa la kale lenye kuta kama za ngome. Kila mwaka, tarehe 24 na 25 Mei, Waroma (waitwao pia Wajipsi) kutoka pande nyingi hukusanyika hapo kumtukuza Sara, mtakatifu wao mweusi, na kuipeleka sanamu yake baharini kwa maandamano. Vincent alifika siku chache tu baada ya hija hiyo. Barua zake lakini zimejaa mambo ya kawaida. Chumba na chakula walianza kwa kumtajia faranga sita kwa siku, wakashuka mpaka nne. Samaki wa kukaanga ni watamu kuliko wa mto Seine, ila hawapatikani kila siku maana wavuvi huwapeleka kuwauza Marseille. Napenda sana kwamba ameyaandika haya. Mtu anayehesabu faranga na kungoja samaki yupo kweli mahali hapo, hapiti tu.

Turubai alibeba tatu. Alikaa kama siku tano, na zote tatu zikajaa: mbili za bahari, moja ya kijiji. Juu ya hizo akachora kwa kalamu nyumba, vibanda vya kuezekwa nyasi na mashua. Katika mbili za bahari, hii ya Amsterdam ndiyo kubwa. Nyenzake iko Makumbusho ya Pushkin, Moscow.

Rangi ya kibua

Jambo la kwanza alilolisema kuhusu maji ni kwamba hayashikiki. Alimwandikia Theo kwamba Mediterania ina rangi kama ya samaki kibua, yaani inabadilika: hujui kama ni kijani au zambarau, wala huna hakika kama ni buluu, maana dakika hiyohiyo mwanga umegeuka na maji yameingia waridi au kijivu.

Wachambuzi wengi wa Ulaya hunukuu sentensi hii wakapita. Sisi wa pwani tuna sababu ya kusimama hapa. Aliyewahi kuwa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, asubuhi, mashua zinaposhusha, anamjua kibua aliyetoka majini sasa hivi. Mgongo una kijani kinachoteleza kuingia buluu, juu yake mistari myeusi kama maandishi ya haraka. Ubavuni kuna fedha, na ndani ya fedha hiyo kuna waridi unaoonekana ukimgeuza tu. Ukimweka juani robo saa, vyote vimepoa vikawa kijivu. Vincent hakuchagua kito wala kitambaa cha hariri kuifananisha bahari. Alichagua samaki wa mkokoteni, samaki ambaye uzuri wake una muda wake na muda wenyewe ni mfupi.

Sasa itazame picha ukiwa na kibua kichwani. Maji yanachukua sehemu kubwa ya turubai, na hayana rangi moja popote. Karibu na mtazamaji kuna kijani kizito, kimepigwa kwa brashi iliyojaa rangi, na kando yake buluu, na povu jeupe lililopakwa nene mpaka limeinuka juu ya turubai. Mahali pengine ameacha brashi, akatumia kisu bapa cha kuchanganyia rangi na kuutandaza kijani kwa pigo moja. Ni hapo wimbi linapoinuka kabla ya kuvunjika, na mwanga unapenya ndani yake kutoka nyuma. Kila aliyeogelea baharini anaijua sekunde hiyo, maji yanapong'aa kama chupa. Brashi ingeacha mistari ya nywele. Kisu huacha ngozi laini, na laini hiyo ndiyo mwanga.

Kuna sababu nyingine ya kijani hicho, na hii naisema kwa maoni yangu. Les Saintes-Maries iko jirani na mdomo wa Petit Rhône, tawi la mto Rhône, na mto huo humwaga tope lake pale, kwenye maji ya kina kifupi. Bahari inayopokea mto haiwi buluu ya kadi za watalii. Watu wa Malindi wanaona mto Sabaki unavyoigeuza bahari yao. Mwezi huohuo wa Juni 1888, huko Paris, Theo alikuwa ameonyesha picha kumi za Claude Monet zilizochorwa Antibes, mashariki zaidi kwenye Mediterania hiyohiyo, penye miamba na maji maangavu. Mtu angetegemea Vincent, aliyemheshimu Monet, aende kutafuta buluu kama ile. Akachora maji ya mto na mchanga yaliyokuwa mbele yake.

Jina jekundu

Chini ya picha, katikati ya kijani cha mawimbi, ameandika jina lake, Vincent, kwa herufi kubwa nyekundu. Ni kubwa mno kwa picha ya ukubwa ule, na mtu asiyejua atadhani ni majivuno. Mwenyewe alimweleza Theo: alitaka sauti moja nyekundu ndani ya kijani.

Hili lina elimu nyuma yake. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alichapisha mwaka 1839 kitabu kilichoeleza kwamba rangi hubadilika kwa jirani yake. Nyekundu ikikaa karibu na kijani, kila moja huongeza nguvu ya mwenziwe. Vincent aliyapata mafundisho haya kupitia maandishi ya Charles Blanc, mhakiki wa sanaa, na kupitia picha za mchoraji Mfaransa Delacroix, akayashika kama mtu anavyoshika kanuni ya mapishi. Mshona kanzu au muuza kanga hahitaji Chevreul kuambiwa kwamba ncha ndogo nyekundu inaamsha kijani kizima. Lakini kulitumia jina lako kuwa ncha hiyo, hilo sijaliona kwa mwingine kabla yake. Funika jina kwa kidole kwenye nakala iliyochapishwa vizuri: maji yanapoa. Ondoa kidole: yanarudi kuwa mazito na yenye chumvi.

Mashua zilizochorwa kwa saa moja

Picha maarufu zaidi kutokana na safari hii ni nyingine kabisa: mashua nne za uvuvi zimevutwa juu ya mchanga, nyekundu, kijani na buluu, moja imeandikwa Amitié, yaani urafiki. Ni sentimita 65 kwa 81 na nusu, nayo iko Amsterdam pia. Ndiyo inayochapishwa kwenye kalenda. Hiyo haikuchorwa ufukweni.

Kila asubuhi aliziona mashua zile, na kila asubuhi ziliondoka mapema kabla hajawahi kuzichora. Mpaka asubuhi ya siku aliyokuwa akiondoka mwenyewe, akawahi. Kwa saa moja akazichora kwa kalamu, kisha akarudi Arles na karatasi yake, na nyumbani akatengeneza picha ya mafuta, akiongeza bahari na mbingu upande wa kulia. Kwa Theo akauliza kwa furaha ambayo bado inasikika: je, kule Paris ningeweza kuchora mashua hizi kwa saa moja? Hata kwa fremu nisingeweza, na hapa nimechora bila kupima, nimeiachia kalamu iende.

Fremu hiyo ni ya mbao yenye nyuzi zilizokatizana, ambayo kwa miaka aliibeba na kuchungulia kupitia kwake ili asikosee vipimo. Kuiacha ni hatua. Mtu wa miaka 35 aliyejifunza kuchora akiwa mtu mzima, aliyeogopa makosa ya vipimo maisha yake yote ya kazi, anafika mahali ambapo mashua hazimngoji, na mkono unajikuta unajua. Hapa, nadhani, ndipo safari ilipofanya kazi yake kubwa. Haikumpa mada. Mashua zilikuwepo Uholanzi tele. Ilimnyima muda.

Kalamu zenyewe zilikuwa mara nyingi za tete, alizozichonga Arles kutokana na matete ya huko, jamaa ya zile kalamu zilizochongwa Lamu na Unguja kwa kuandikia hati za Kiarabu. Aliyezitumia anajua kwamba tete haisamehi kusita: ukisimama, wino unatuama. Na kichwani alikuwa na wachoraji wa Japani, ambao picha zao za kuchapwa kwa mbao yeye na Theo walizikusanya Paris. Mjapani, aliandika, huchora upesi, upesi sana, kama umeme.

Kwa Émile Bernard, rafiki yake mchoraji kijana, alizieleza mashua kwa maneno ninayoyapenda kuliko picha yenyewe: ndogo, nzuri kwa umbo na rangi hata mtu anafikiria maua. Kila moja hubeba mtu mmoja. Hazithubutu kwenda bahari kuu. Hutoka pasipo upepo, na upepo ukizidi kidogo hurudi ufukweni. Mwenye ngalawa wa Bagamoyo angesema vivyo hivyo kuhusu siku zake. Hata matanga yanafanana. Mashua za Mediterania za enzi hizo, kama majahazi yetu, zilibeba tanga la pembe tatu lililoning'inia kwenye foromali, ule mti wa kufungia tanga.

Kwa hiyo tuna kazi mbili za safari moja. Ya mashua imepangwa: mistari ya nje imekazwa, rangi zimelala bapa, kila mlingoti unajua mahali pake. Ni nzuri, na ni ya nyumbani. Ya bahari haijapangwa kiasi hicho. Upeo umekaa juu, mashua zimetawanyika, na jicho halipewi pa kupumzika. Wengi huiona ya kwanza kuwa bora. Mimi nashikilia ya pili. Katika ya mashua, maji ni pazia nyuma ya mashua. Katika ya bahari, mtu amesimama ufukweni, upepo unamrushia mchanga kwenye rangi mbichi, na wimbi analolichora limeshavunjika kabla hajachovya brashi tena. Hakuchora wimbi moja. Alichora mamia yaliyopita, moja juu ya jingine, na ndiyo maana linaonekana linatembea.

Afrika haiko mbali

Aliporudi Arles aliandika sentensi ambayo msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita kimya. Sasa kwa kuwa nimeiona bahari hapa, alimwambia Theo, nahisi kabisa umuhimu wa kubaki kusini, na kuhisi kwamba rangi inapaswa kutiwa chumvi zaidi, Afrika ikiwa haiko mbali.

Hakuwahi kuvuka. Afrika yake ilitokana na mambo mawili: picha za Delacroix, aliyesafiri Moroko mwaka 1832 akarudi na rangi ambazo wachoraji wa Ufaransa walizila miaka hamsini, na askari wa Zuavu waliokuwa na kambi Arles, vikosi vilivyoanzishwa Algeria chini ya ukoloni. Mwezi huohuo wa Juni alimchora mmoja wao. Alikuwa rafiki pia wa luteni wao, Milliet, ambaye Vincent alimfundisha kuchora.

Ni lazima niseme wazi kwamba Afrika hiyo ilikuwa jua bila watu. Ilikuwa jina la mwanga mkali. Japani nayo aliitumia hivyohivyo, akisema kusini mwa Ufaransa ndiyo Japani yake. Naona uzito wa jambo hilo na silipunguzi. Hata hivyo naona pia kwamba hakujifanya amefika. Hakuchora mitende asiyoijua wala wanawake wa Algiers kwa kukisia. Alisimama mwisho wa ardhi ya Ufaransa, akajua kwamba ng'ambo ya maji yale kuna bara, na alichofanya kwa ujuzi huo ni kuongeza nguvu ya kijani.

Bahari ya kwanza

Kuna jambo moja linalosemwa mno kuhusu Van Gogh, nalo si sahihi: kwamba jua la kusini ndilo lililomfungua macho. Tunacho kipimo. Agosti 1882, miaka karibu sita kabla, alichora bahari ya Scheveningen, karibu na The Hague, siku ya dhoruba. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba mchanga uliifunika turubai akalazimika kuukwangua. Mwingine umebaki, na picha hiyo nayo ina chembe ndani ya rangi. Maji yake ni ya kijivu, rangi ya manjano chafu na kahawia. Watu wamekusanyika ufukweni wakiitazama mashua. Ni picha ya mtu anayeipenda bahari na bado hana lugha yake.

Ukiziweka pamoja ni rahisi kusema: kaskazini giza, kusini nuru. Lakini katikati kuna Paris. Huko ndiko alikokutana na wachoraji akina Pissarro na Signac, akaona rangi zisizochanganywa zikiwekwa kandokando, akanunua picha za Japani, akaisafisha paleti yake, yaani seti ya rangi anazotumia. Naamini angeipeleka paleti hiyo Scheveningen mwaka 1888, bahari ile ingetoka na zambarau na kijani pia. Saintes-Maries ilikuta mtu aliyekwisha kuandaliwa. Siku tano zinatosha kwa aliyejiandaa miaka sita.

Na jina upostimpreshonisti, tunaloibandika picha hii leo, yeye hakulisikia. Alifariki Julai 1890. Roger Fry, mhakiki wa sanaa Mwingereza, alilibuni kwa ajili ya maonyesho ya London mwaka 1910, akitafuta neno la kuwakusanya wachoraji waliotoka katika uimpreshonisti, mtindo wa kuchora mwanga unavyopita machoni, na kuiacha picha iseme zaidi ya kile jicho linachopokea. Kwa bahari hii neno linatosha nusu. Jina jekundu, kijani kilichozidishwa, ndiyo, hayo ni ya baada ya uimpreshonisti. Mtu kusimama nje kwenye upepo akikimbizana na mwanga, hilo ni la uimpreshonisti wenyewe, na mchanga ni shahidi.

Picha ya Scheveningen iliibiwa Amsterdam tarehe 7 Desemba 2002, pamoja na nyingine ya kanisa la Nuenen. Wezi waliingia kwa kupanda paa. Polisi wa Italia wakazipata Septemba 2016 katika nyumba karibu na Naples iliyohusishwa na genge la Camorra. Pembe yake ya chini kushoto ilikuwa imebanduka kipande cha rangi cha kama sentimita tano kwa mbili. Mwaka 2017 ilirudi ukutani Amsterdam, na wahifadhi wakaijaza pembe hiyo kwa uangalifu mkubwa. Mchanga wa 1882 bado umo. Sasa zimo katika jengo moja, bahari ya kijivu na bahari ya kibua, kila moja na chembe zake.